Sinema Iliyohamia Karatasini

Wiki kadhaa kabla filamu ya Star Wars haijaanza kuonyeshwa Marekani, mwaka 1977, katuni zake zilikuwa tayari zimetandazwa kwa wauza magazeti. Toleo la kwanza liliingia sokoni Aprili. Liliandikwa na Roy Thomas, likachorwa na Howard Chaykin, likachapishwa na kampuni ya Marvel na kuuzwa senti 30. Filamu yenyewe ilifunguliwa tarehe 25 Mei katika majumba 32 tu ya nchi nzima. Wapo basi watoto wa Kimarekani waliomjua Darth Vader kwa wino kabla ya kumwona kwa mwanga.

Mwaka huo, kijana wa Mwankoko, mahali ambapo leo ni kata ya Manispaa ya Singida, hakuwa na njia ya kuipata hadithi hiyo kwa wino wala kwa mwanga. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa imeshaanza kurusha matangazo yake, tena ya rangi, mapema katika miaka hiyo ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Sinema ilikuwa starehe ya miji, na kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 700. Kilichokuwapo kwa wingi ni wasomaji. Kampeni ya kisomo cha watu wazima, pamoja na Elimu ya Msingi kwa Wote iliyoanza kutekelezwa Novemba 1977, ilijaza vijiji vya wakulima wa mtama, uwele na alizeti watu wanaojua kusoma kuliko wakati wowote uliotangulia. Wasomaji tele, skrini hakuna. Kama kuna mahali palipostahili kuletewa sinema ndani ya karatasi, ni hapo.

Haikuletwa. Katika miaka hiyo vyombo vya anga vya George Lucas, mtunzi wa Star Wars, havikutua kwenye meza ya muuza magazeti wa Singida vikiwa na maneno ya Kiswahili. Sababu zake si ile nyepesi inayosemwa mara kwa mara, kwamba Mwafrika hapendi hadithi za roketi. Ili kuziona sababu hizo, ni vizuri kwanza kutazama jinsi filamu hizi zilivyogeuzwa katuni huko zilikotoka, kwa kuwa hata huko kazi haikuwa safi kama wengi wanavyodhani.

Tuanze na biashara. Charles Lippincott, aliyeshughulikia utangazaji wa filamu ya Lucas, alipopeleka wazo lake Marvel, mkuu wa huko, Stan Lee, hakulitaka. Lippincott akapitia kwa Roy Thomas, na mkataba uliopatikana ulikuwa wa mtu anayebembeleza: Marvel isingelipa mrabaha wowote mpaka nakala 100,000 ziuzwe. Toleo la kwanza lilipita nakala milioni moja. Jim Shooter, aliyekuja kuwa mhariri mkuu wa Marvel, aliandika baadaye kwamba bila Star Wars kampuni hiyo huenda ingefunga milango. Mfululizo uliendelea hadi toleo la 107, mwaka 1986.

Kwa upande wa uchoraji, Chaykin alifanya kazi kama fundi anayejenga nyumba ambayo mwenyewe hajaiona. Alikuwa na mswada na picha za mnato, filamu hakuwa nayo. Ndiyo maana katuni ina mambo ambayo ukumbini hayakuonekana: mazungumzo ya shujaa Luke Skywalker na rafiki yake Biggs, yaliyokatwa wakati wa uhariri, yamo. Jabba, yule bwana wa magendo, amechorwa kama kiumbe mwembamba wa rangi ya njano, mwenye sharubu, aliyesimama kwa miguu miwili. Miaka sita baadaye, Return of the Jedi ilipotoka, Jabba akawa donge la konokono asiye na gamba, asiyeweza hata kusogea. Yoda naye yalimpata hayohayo mwaka 1980: katika chapa za mwanzo alikuwa wa zambarau, kisha wakamrudia na kumpaka kijani kama wa filamu.

Mashabiki huyaita makosa. Lakini kurasa hizo ndizo zenye uhai zaidi kuliko zote katika aina hii ya vitabu. Mchoraji asiyejua jibu hulazimika kufikiri. Matoleo yaliyokuja baadaye, yaliyochorwa filamu ikiwa mbele ya macho, ni masafi na yanalingana na picha nukta kwa nukta, na msomaji akiyafunga hajapata kitu ambacho filamu haikumpa.

Mfano mzuri zaidi wa uhuru uliotokana na dhiki uko Uingereza. Filamu tano za Planet of the Apes, zilizotoka kati ya 1968 na 1973 kutokana na riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle, zilipewa na Marvel jarida lao mwaka 1974. Jarida hilo lilidumu kwa matoleo 29, na mwandishi wake mkuu alikuwa Doug Moench. Lilikuwa la rangi nyeusi na nyeupe tu. Jambo hilo tulikumbuke, litatufaa mbele. Tawi la Uingereza lilichapisha kila wiki ilhali Marekani ilitoa kila mwezi, na haikuchukua muda wakamaliza akiba. Wafanyeje? Walichukua hadithi nyingine kabisa ya Marvel, ya shujaa Killraven anayepambana na wavamizi kutoka Mirihi, wakafuta vichwa vya wavamizi, wakabandika vichwa vya sokwe, na shujaa wakambatiza Apeslayer. Mtu akiwacheka wachapishaji wa vijarida vya Dar es Salaam kwa kuunganisha picha za huku na huku, na awakumbuke hao mabwana wa London mwaka 1975.

Kisha video ikaja, na kazi ya katuni ikabadilika. Kabla ya deki, filamu ikishaondoka ukumbini ilikuwa imeondoka. Kitabu cha katuni ndicho kilichomwezesha mtu kuirudia nyumbani. Mkanda ulipoweza kukodishwa na kurudishwa nyuma kwa kidole, kurudia hadithi karatasini kukakosa maana. Wachapishaji wakageukia kuendeleza hadithi pale filamu ilipoishia. Kampuni ya Dark Horse ilianza Aliens mwaka 1988 ikiwafuata Hicks na binti Newt, walionusurika katika filamu ya James Cameron ya 1986. Mwaka 1992 Alien 3 ikawaua wote wawili katika dakika zake za mwanzo. Dark Horse ilipochapa upya katuni zake iliwabadilisha majina, Hicks akawa Wilks na Newt akawa Billie, ili maiti wa filamu waendelee kutembea karatasini. Mara nyingine mkondo ulirudi juu: pambano la Aliens na Predator lilikuwa katuni tangu 1989, filamu yake ikaja 2004.

James Cameron huyohuyo ndiye mlango wa kurudi nyumbani. Filamu zake za kisayansi, The Terminator na Aliens, Wamarekani walizifanya katuni kwa leseni. Filamu yake nyingine ilifanywa katuni Dar es Salaam, bila leseni, na haina roketi hata moja. Baada ya Titanic kutoka mwishoni mwa 1997, mchoraji Joshua Amandus Mtani alitoa kwa Kiswahili Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings alikipa kitabu hicho nafasi katika utafiti wake kuhusu namna Waafrika wanavyoyachukua mambo ya kigeni na kuyafanya yao, uliochapwa 2015.

Jina lenyewe linaonyesha mkono wa Mtani. Cameron alitumia fedha nyingi kuonyesha meli inavyopasuka. Kalamu haina haja ya fedha hizo, na pia haipati sifa zake. Maji yanayomeza ngazi, yakichorwa, ni mistari tu. Kinachobaki kikubwa karatasini ni nani anampenda nani, nani anamnyima nani, na wazazi wanasemaje. Mkasa, tena wa mapenzi. Meli ni mahali ulipotokea.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya katuni ya Marvel na ya Dar es Salaam. Mmarekani wa 1977 alinunua katuni ili aikumbuke filamu, au aionje kabla haijafika. Mtanzania wa 1998 huenda alikuwa ameshaitazama Titanic katika kibanda umiza, amebanana na wenzake kwenye benchi, tena zaidi ya mara moja. Alichokosa ni maneno. Kitabu cha Kiswahili kilimweleza yule binti alisema nini pale mbele ya meli. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kueleza, wala si kuonyesha.

Na katika kueleza, karatasi ilikuwa na mshindani mkali.

Mshindani huyo ni ulimi. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana mjini kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu Dar es Salaam kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na kanda zenye sauti yake zikasambaa. Msimulizi wa aina yake hatafsiri neno kwa neno. Anapunguza sauti ya asili, anamtambulisha steringi, anaonya kwamba adui anakuja, anawapa wahusika majina yanayotamkika, na pasipo na mazungumzo anajaza mwenyewe. Uganda wana mabingwa wao wa Kiganda. Filamu ya Isaac Nabwana ya 2010, Who Killed Captain Alex?, imesambaa duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake kana kwamba ni mhusika mmojawapo. Kenya ina DJ Afro, na Tanzania ya leo ina DJ Murphy na wenzake.

Piga hesabu upande wa mwenye kibanda. Mkanda mmoja uliotafsiriwa unawahudumia watu hamsini kwa usiku mmoja, wakiwemo wasiojua kusoma. Kijitabu kinataka mchoraji akae wiki kadhaa, kinataka karatasi, mashine ya chapa, na basi la kukifikisha mikoani, kisha kinasomwa na mtu mmoja na majirani watatu wanaoazima. Mfululizo wa Terminator, wa Predator, na hata wa Star Wars, kwa sehemu kubwa ya nchi uliingia wakati wa deki. Ulipofika, kazi ya kuufafanua ilikuwa imeshachukuliwa.

Maelezo hayo yanatosha kwa miaka ya 1990 na kuendelea. Hayatoshi kwa 1977. Kwa nini katika ile miaka ya wasomaji wengi na skrini chache karatasi haikuleta roketi?

Jibu moja ni ukavu wa mfuko wa taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kati ya bei ya mafuta na vita dhidi ya Idi Amin, fedha za kigeni zilikuwa haba, na karatasi ya kuchapia ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyopigania fedha hizo pamoja na dawa na vipuri. Kununua leseni ya Marekani ili kuchapa vita vya nyota kungekuwa kichekesho. Lakini jibu hilo lisibebeshwe mzigo wote, maana vijarida vya picha vilikuwapo kabla ya dhiki na vikaendelea ndani yake.

Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Drum ya Afrika Kusini ilianza kutoa African Film, jarida la hadithi za picha za mnato lililosomwa kuanzia Lagos mpaka Nairobi na Dar es Salaam. Shujaa wake, Lance Spearman, alivaa kofia, alivuta sigara kubwa na kuendesha magari ya kasi kwa mtindo wa James Bond, ila ni Mwafrika. Jarida lilijiita la filamu ilhali filamu haikuwapo popote. Wasomaji walipewa sinema ambayo haijawahi kupigwa, fremu baada ya fremu, na waliipokea vizuri kiasi kwamba Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya upelelezi Simu ya Kifo, alikuja na Film Tanzania, lenye hadithi za picha za Kiswahili. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mongo Sisse aliwachora katika miaka ya 1970 Matamata na Pilipili, wachekeshaji waliotoka katika filamu fupi alizozipiga padre Mbelgiji Albert van Haelst huko Kongo miaka ya 1950. Huo ni mfululizo wa filamu uliogeuzwa katuni kwa maana kamili, na ulifanyika katika ukanda wetu.

Kwa hiyo ufundi ulikuwapo, wasomaji walikuwapo, na desturi ya kuhamisha sinema karatasini ilikuwapo. Kilichochaguliwa kuhamishwa ni mpelelezi, mchekeshaji na mpenzi. Mwanasayansi hakuchaguliwa.

Jarida la Sani, lililopata jina kutokana na waasisi wake Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, linaonyesha kwa nini. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Kipepe na Pimbi ni watu wa mtaani. Msomaji wa Singida ambaye hajawahi kufika Dar es Salaam aliijua Dar kupitia kwao: ujanja wake, njaa yake, nauli yake. Kwa msomaji huyo jiji hilo lilikuwa tayari sayari nyingine, na aliyetumwa huko ni mtu anayefanana naye. Tatooine, sayari ya Star Wars, ilikuwa na nini cha kuongeza? Kuhusu maajabu, nafasi hiyo ilishikwa na majini, wachawi na wafu wanaorudi. Filamu za kutisha za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilionyesha katika miaka ya 2000 kwamba mtazamaji wa Kitanzania hana ugomvi hata kidogo na yasiyowezekana. Anataka tu yatokee kwenye nyumba anayoijua.

Bado kuna hasara hapa, na si vyema kuipamba. Katuni ndiyo nyumba ya bei nafuu kuliko zote kwa hadithi ya kisayansi. Mtengeneza filamu wa Dar es Salaam hawezi kulipua sayari. Mchoraji anaweza, kwa kalamu ileile anayomchorea Madenge. Kisingizio cha rangi hakisimami pia, kwa kuwa sokwe wa Marvel walitembea matoleo 29 kwa nyeusi na nyeupe. Nafasi hiyo wachoraji wetu wameitumia kidogo mno, na sababu yake ni tabia ya soko kuliko uhaba: vijarida viliishi kwa wahusika wanaorudi kila toleo, na mhariri hakuwa na hamu ya kujaribu hadithi inayotaka kurasa nne za kueleza dunia yake kabla ya mzaha wa kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi hushindwa kulibeba, na linatuhusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Katika Return of the Jedi ya 1983, rubani msaidizi wa chombo anachokiendesha mhusika Lando ni kiumbe mwenye mashavu yanayoning'inia, aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, naye anazungumza Kikuyu. Ulimwengu mzima ulisikia lugha ya sayari ya mbali. Watazamaji wa Kenya walisikia jirani anaongea. Katuni ya filamu hiyo, iliyoandikwa na Archie Goodwin na kuchorwa na Al Williamson na Carlos Garzón, ilitoka kwa sehemu nne kati ya 1983 na 1984. Mashavu yamo. Sauti, kwa msomaji wa Kenya, ndiyo iliyokuwa kila kitu, na karatasi haina pa kuiweka. Rotich alirudishwa kumtilia sauti mhusika huyo katika The Force Awakens mwaka 2015.

Miaka ya karibuni mkondo umegeuka, na umegeukia kwetu kwa sehemu. Kugali, kampuni ya katuni ambayo mmoja wa waasisi wake ni Hamid Ibrahim, mzaliwa wa Uganda, ilitoka kwenye kurasa hadi kufanya mfululizo wa Iwájú na Disney mwaka 2024. Mwaka mmoja kabla, Disney ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi za katuni za kisayansi kutoka Afrika uitwao Kizazi Moto. Humo Raymond Malinga wa Uganda ameweka Herderboy, yenye wachungaji wa ng'ombe waliotiwa viungo vya mashine, na Ng'endo Mukii wa Kenya ameweka Enkai. Mkoa wenye wafugaji kama Singida ungemwelewa mchungaji wa Malinga bila mhadhara. Tatizo ni kwamba jina la mkusanyiko ni la Kiswahili, na mazungumzo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, hivyo kazi inaangukia tena mikononi mwa wasimulizi.

Upande wa leseni, mambo yamekuwa mepesi kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Disney iliinunua Marvel mwaka 2009, Lucasfilm mwaka 2012, na ilipokamilisha ununuzi wa studio ya Fox mwaka 2019 ikapata pia sokwe, Alien na Predator. Star Wars ilirudi Marvel mwaka 2015 kwa toleo la kwanza lililouzwa karibu nakala milioni moja. Mchapishaji wa Tanzania anayetaka kuzitoa kwa Kiswahili ana mlango mmoja wa kubisha, na asipobisha atakutana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo Mtani alipokuwa anaichora meli yake ilikuwa bado haijatungwa. Michoro ipo tayari. Kinachobadilishwa ni maneno ndani ya viputo, kazi ambayo mfasiri mzuri na mpangaji kurasa mmoja wanaiweza. Kilicho kigumu ni kilekile cha 1977: nakala ya bei ambayo mwanafunzi wa Mwankoko anaweza kuilipa, na muuza magazeti wa Singida mjini aliye tayari kuipa nafasi mezani pake kando ya magazeti ya michezo.